Nani Atamtua Mzigo?

Mada kuhusu wanajeshi wastaafu na wenzi wao wa ndoa, iliyotolewa mbele ya wajumbe wa Haki na Amani wa parokia, Tabora



Utangulizi

Tumekutanika kuzungumza juu ya watu tunaoishi nao mtaa mmoja na kusali nao benchi moja, ambao hata hivyo hatujapata kuwaweka katika ajenda ya Tume yetu. Hao ni askari waliomaliza utumishi wao katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na wenzi wao. Waliokufa tunawakumbuka. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa husimama kimya kwa heshima yao, na ni vema na haki. Lakini aliyerudi hai, angali na nguvu, mwenye watoto shuleni na mke asiyejua watahamia wapi, huyo tumemwacha ajitafutie mwenyewe.

Tunalotaka kulisema leo ni jambo moja. Anayemtwika mwenzake mzigo ana wajibu wa kumtua. Na kumtua askari hakuishii katika kumlipa kiinua mgongo, wala katika kumpa rungu akalinde geti. Kunatudai tumwulize anajua kufanya nini, tumwulize na mkewe, kisha tuwasaidie wote wawili wapate kazi inayolingana na ujuzi wao.

1. Mji wa wapagazi

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu mji wetu ulikuzwa na wabebaji. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikatua hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kutoka pwani hadi hapa ilikuwa safari ya takribani miezi mitatu kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32: vitambaa na shanga kwenda bara, pembe za ndovu kurudi pwani. Wake wa wapagazi wengi walifuatana na waume zao. Walibeba vyungu na watoto, wakapika kambini, na wengine wao walibeba mizigo ya ujira kama wanaume. Vitabu vinawataja Burton, Livingstone na Stanley. Aliyewabebea chakula, dawa na mahema yao hatajwi jina, na mkewe ndiye asiyetajwa kabisa.

Kisha reli ikaja. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kazi iliyolisha vizazi vya Wanyamwezi ikaanza kukatika, na hatusikii popote kwamba mpagazi aliitwa akaulizwa atakula nini baada ya treni kupita. Hatuilaumu reli, maana tunaisafiria hadi leo. Tunachokumbusha ni kwamba kazi ya mtu ikifika mwisho, na asiwepo wa kumpokea mzigo, huanguka yeye pamoja na mzigo wake. Mama zetu wanaotoka kisimani na ndoo iliyojaa wanalijua hilo: akifika mlangoni huita mtu atoke amtue.

2. Vita vimepita, swali limebaki

Historia ya askari katika ardhi yetu inafanana sana na hiyo ya wapagazi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji waliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani waliendelea kupigana, na wengi wao walifuatwa na wake zao na watoto wao katika njia zote za vita. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, mnamo Novemba 1918, askari hao waliletwa hadi hapa Tabora na kuwekwa kambini kabla ya kuachiwa waende zao. Wengine walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu.

Mwaka 1964, miaka 46 baadaye, Ujerumani Magharibi iliidhinisha kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, na wengi hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha utumishi wao. Basi afisa aliyekuja na fedha akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride kana kwamba ameshika bunduki. Inasemekana hakuna aliyekosea. Watu husimulia kisa hiki wakicheka. Sisi tukikitafakari, kicheko hukoma. Mzee ameishi karibu nusu karne, amelima, amelea wajukuu, pengine amejenga na kufua vyuma. Lakini mbele ya aliyemtumia, kitambulisho chake pekee kilikuwa jinsi anavyoshika bunduki.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, na baadhi yao walifika Madagaska na Burma. Walirudi wakiwa wamejifunza udereva, uuguzi, kupeleka habari kwa simu ya upepo, kusoma na kuandika. Waliporudi, wachache walipata mahali pa kuutumia ujuzi huo. Walio wengi walirudia jembe.

Vita vya Kagera vinakumbukwa na wengi walioketi hapa. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Taifa liliita, na pamoja na askari wa kawaida wakaitika mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi walipokelewa kwa vigelegele, kisha wengi wakaruhusiwa kurejea makwao katika miaka ambayo sabuni na sukari zilitafutwa kwa foleni. Vigelegele vilikuwa vya siku moja, na maisha yalikuwa bado marefu.

3. Kosa letu wenyewe

Ingekuwa rahisi tuishie hapo, tukiwalaumu Wajerumani, Waingereza na serikali. Haki na Amani huanzia nyumbani, kwa hiyo hatuna budi kuungama kosa letu.

Katika parokia moja tuliyoitumikia alikuja sajini mstaafu kuomba kazi. Tulimwuliza swali moja tu: "Ulikuwa jeshini?" Akajibu ndiyo. Tukamwambia, "Basi utatulindia usiku." Tukampa tochi, koti na mshahara ambao hatuoni fahari kuutaja. Alilinda kwa miaka miwili bila kukosa hata usiku mmoja. Ikatokea gari la parokia likaharibika. Tulilipeleka kwa fundi wa mjini, likakaa wiki tatu, tukalipa, likarudi likikohoa vilevile. Asubuhi moja yule sajini, akiwa anamaliza zamu, alitujia akasema kwa adabu, "Baba, naomba ruhusa niliangalie." Kabla ya saa sita mchana gari lilikuwa linanguruma vizuri. Hapo ndipo tulipojua kwamba kwa miaka 19 alikuwa fundi katika karakana ya jeshi, akitengeneza malori makubwa. Tukamwuliza, "Kwa nini hukutuambia siku zote hizo?" Akajibu, "Baba, hamkuniuliza."

Ndugu wajumbe, jibu hilo ndilo lililotuleta kwenye mada hii. Sisi nasi tulikuwa tumempa ufagio.

Jeshi ni mji mzima. Ndani yake kuna mafundi magari, mafundi umeme, waashi, maseremala, wauguzi, wapishi, makarani wa ghala, madereva wa mitambo, wapiga tarumbeta na walimu. Anapovua sare, sisi tunaona bunduki tu aliyoirudisha ghalani. Hata kampuni za ulinzi, ambazo zimewapatia wengi riziki na hatuzidharau, humfanya mtu mwenye fani aiache fani yake ili akae getini. Na vijana wetu wanaomaliza mafunzo ya kujitolea katika kambi kama ya Msange hapa mkoani, wasipochaguliwa kuandikishwa, hukumbana na macho hayohayo.

Kuna kizuizi kingine, nacho ni karatasi. Mwajiri wa kiraia huomba cheti. Mstaafu anaweza kuwa na mikono inayojua kazi, lakini ujuzi wake aliupata kazini, na mwajiri hana namna ya kuupima. Hapa dawa ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya darasa na kumpatia cheti cha kiwango anachostahili. Chuo chake kipo hapahapa Tabora. Ni wangapi kati yetu tumewahi kumwelekeza mstaafu huko?

4. Mke aliyeanza mara tano

Sasa tumtazame yule ambaye hatajwi kabisa. Mama mmoja alitueleza maisha yake akiwa anachambua mchele, bila malalamiko. Ameolewa na askari miaka 18. Wamehamishwa kutoka pwani hadi kusini, kutoka kusini hadi kaskazini, na hatimaye hapa. Kila walipofika alianza jambo: mahali pamoja kushona, pengine kufuga kuku, pengine kuuza maandazi na chai. Uhamisho ulipokuja aliuza kuku kwa bei ya hasara, akawaacha wateja waliozoea mkono wake, akafunga mizigo. "Baba," alisema, "nimeanza mara tano. Sijamaliza hata mara moja."

Kisha ikaja barua ya kustaafu. Nyumba ya kambini ni ya jeshi, hurudishwa jeshini. Yeye ni wa mkoa mmoja na mumewe ni wa mkoa mwingine, na watoto hawajui lugha ya upande wowote. Usiku ule alimwuliza mumewe, "Tunakwenda kwenu au kwetu?" Mume hakuwa na jibu. Fedha ilipotoka alinunua gari lililokwishatumika ili lifanye biashara ya abiria, bila kushauriana na mkewe. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa juu ya mawe, na mama alikuwa amerudia maandazi. Ilikuwa mara ya sita.

Angalieni kilichopotea hapo. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja aliyewahi kufungua biashara tano katika miji mitano, anayejua mtaji mdogo unavyoanza na unavyokufa. Huyo ndiye hakuulizwa.

Sheria ya nchi haimdharau kama tunavyomdharau sisi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Shauri hilo lilihusu mgawanyo wa mali baada ya talaka. Je, Wakristo wangoje talaka ndipo watambue kwamba mke alichangia? Askari alipolinda mpaka, kuna mtu aliyelinda nyumba. Kiinua mgongo kina jasho la wote wawili. Tunasema hayo pia kwa ajili ya waume wa askari wanawake, ambao idadi yao si ndogo siku hizi, na kwa ajili ya wajane.

5. Jirani zetu walijaribu

Msidhani tunaota. Jirani zetu wa Uganda, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, walipunguza jeshi lao kati ya mwaka 1992 na 1995. Askari zaidi ya 36,000 waliruhusiwa kwa awamu, na chombo maalumu kikaundwa kuwasimamia. Waliondoka na fedha kiasi, mabati ya kuezekea na pembejeo za kilimo, na familia zao zilihesabiwa katika mpango. Kabla ya kuondoka walielezwa habari za maisha ya uraiani.

Hata hivyo mpango huo nao ulikuwa na upungufu wa kutufundisha. Wake wengi walikuwa wameolewa mbali na kwao. Walifika kijijini kwa mume wakiwa wageni, bila lugha wala shamba, na baadhi yao hawakupokelewa. Mabati pekee hayawezi kumfanya mgeni awe mwenyeji. Kazi hiyo ni ya majirani, na majirani ndio sisi tunaoitwa jumuiya.

6. Mwanga wa mafundisho

Katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba heshima ya kazi hutokana na mtu anayeifanya. Kumbe aliyevua sare hajavua heshima yake. Katika Injili ya Luka, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakitaka kujua iwapasavyo kufanya. Hakuwafukuza wala hakuwaogopa. Aliwajibu kama watu wenye dhamiri na wenye riziki ya kutafuta.

Tunataja woga kwa makusudi. Wapo wanaosema wastaafu wasaidiwe wasije wakaleta fujo, na watu wa Tabora wanakumbuka maasi ya Januari 1964 yaliyofika hadi kambi ya hapa. Hatulichukui wazo hilo. Mtu hulipwa deni lake kwa kuwa ni haki yake, hata akiwa mpole.

Wengine watauliza: mbona mstaafu ana pensheni, na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge hana kitu? Ni swali la haki. Hatumwombei askari apite mbele ya mkulima. Tunaomba ujuzi ambao mkulima huyohuyo aliulipia kwa kodi yake usioze getini, bali urudi kumtumikia: trekta litengenezwe, zahanati ipate mikono, kijana wa kijijini apate wa kumfundisha.

7. Tufanye nini?

Kwanza, tuulize. Kila Jumuiya Ndogondogo ya Kikristo iwe na daftari la ujuzi: jina, kazi aliyoifanya jeshini, na chini yake kazi anayoijua mwenzi wake. Nafasi hiyo ya pili isiachwe wazi. Tusibague dini, wastaafu Waislamu ni majirani zetu vilevile. Tushirikiane pia na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA.

Pili, tuanze mapema. Mazungumzo ya kustaafu yafanyike miaka miwili kabla, mume na mke wakiwa wameketi pamoja, na swali la "kwenu au kwetu" lijibiwe kabla ya funguo za nyumba kurudishwa. Tuwaombe mapadre wanaohudumia kambi watusaidie.

Tatu, tuwaelekeze wenye fani VETA wapimwe. Parokia ikiweza, imlipie asiye na ada kama mkopo atakaourejesha atakapopata kazi.

Nne, tuwashauri juu ya fedha. Miezi sita ya kwanza ikae benki isiguswe ila kwa chakula, ada na matibabu. Harufu ya kiinua mgongo huwafikia matapeli kabla ya mwenyewe. Mke aone karatasi zote.

Tano, tutazame kazi za hapa. Misitu yetu ya miombo ina asali inayojulikana nchi nzima, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora. Ujenzi wa reli mpya ya kisasa, ambao mikataba ya vipande vinavyopita kwetu ilianza kutiwa saini mwaka 2021, unahitaji mafundi na madereva wa mitambo. Wanawake wenye vikundi wanaweza kuomba mikopo ya halmashauri itolewayo kutoka asilimia 10 ya mapato yake kwa ajili ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hapo mke anaweza kupita mlango ambao mumewe aliyepita umri wa ujana hawezi kupita. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Serikali ya kijiji ikumbushwe.

Sita, Kanisa lijirekebishe. Mlinzi wa parokia alipwe kwa mujibu wa sheria na achangiwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Na kabla ya kumkabidhi tochi, aulizwe.

Hitimisho

Yule sajini hakubaki getini. Tulimwomba radhi. Leo ana karakana yake ndogo kando ya barabara, na vijana wanne wanajifunza kwake. Mkewe hutunza daftari la hesabu, na tunaambiwa bila yeye karakana ingekwishafungwa zamani. Hatukuwapa mtaji mkubwa. Tulichelewa miaka miwili kuuliza swali moja, na Mungu akatuhurumia.

Katika mji huu maelfu ya wapagazi walitua mizigo yao wakapumzika, kabla ya kuianza tena njia. Laiti ingesemwa juu yetu kwamba hata aliyebeba bunduki kwa ajili yetu, na aliyebeba chungu nyuma yake, walipofika Tabora walikuta watu wamesimama mlangoni, mikono imenyoshwa kuwapokea.

Mungu awabariki.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu wapo wastaafu wangapi wa jeshi? Tunaijua kazi aliyoifanya kila mmoja wao?
2. Ni lini mara ya mwisho tulimwuliza mke wa mstaafu anajua kufanya nini?
3. Familia ya mstaafu mwenye asili ya mkoa mwingine ikihamia mtaani kwetu, nani huipokea, na kwa namna gani?
4. Je, walinzi na watumishi wa parokia yetu wanalipwa kwa haki?
5. Ni jambo gani moja tutakaloanza kulitenda kabla ya Siku ya Mashujaa ijayo?